Kuchagua Mashine ya Kwanza ya Kushindilia Risasi



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha vijana wanaojifunza kazi ya ualimu habari za wenzo, yaani kile kipande cha mti au chuma kimwezeshacho mtu dhaifu kuinua kitu kizito. Nikataja mifano ya kila siku: koleo, mkasi, toroli, na mpini wa pampu ya maji. Kijana mmoja akasimama, akasema: "Bwana Mwalimu, kaka yangu akaaye Marekani ameniandikia ya kwamba jirani yake ana mashine ndogo iliyofungwa mezani. Auvuta mkono wake, na ganda tupu la risasi lageuka kuwa risasi nzima tena. Naye kaka ataka kununua ya kwake, lakini fedha zake ni chache, wala hajui achague ipi. Je, nimwambieje?"

Wenzake wakacheka, wakidhani ni hadithi ya mjini. Nikawaambia wasicheke, kwa kuwa jambo lile ni kweli tupu, na kosa katika kazi ile laweza kumpotezea mtu jicho, mkono, au uhai. Tukaacha somo la toroli, tukazungumza habari hiyo mpaka kengele ikalia. Leo nataka kuwaeleza ninyi yale niliyowaeleza wao.

Lakini kwanza neno la sheria, maana mambo ya bunduki si mchezo. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mtu haruhusiwi kutengeneza risasi nyumbani kwa hiari yake. Kazi hiyo yataka ruhusa ya serikali, na aifanyaye bila ruhusa ana kosa kubwa. Nchini Marekani sheria ya serikali kuu humwachia mtu mwenye haki ya kumiliki bunduki ajaze upya risasi za matumizi yake mwenyewe. Lakini akitaka kuzitengeneza ili aziuze, hapana budi apate leseni. Basi maneno yangu yahusu Marekani, ambako kazi hii ni desturi ya wawindaji na walenga shabaha wengi. Ninyi mlio hapa yachukueni kama elimu ya vyombo, na kama mafundisho ya kununua kwa akili.

Risasi nzima ina vitu vinne. Cha kwanza ni ganda, yaani kile kikopo kirefu cha shaba ya manjano. Shaba hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila 100. Cha pili ni fataki, kijisahani kidogo kilichopachikwa katika kitako cha ganda, ambacho kikipigwa na msumari wa bunduki hutoa cheche. Cha tatu ni baruti, ambayo hushika moto kwa cheche hiyo. Cha nne ni kichwa, yaani ile sehemu iliyochongoka itokayo mtutuni na kwenda kupiga shabaha.

Bunduki ikilia, fataki imekwisha kazi, baruti imeungua, na kichwa kimekwenda zake. Ganda peke yake hubaki, nalo aghalabu ndilo lenye bei kubwa kuliko vile vingine vitatu. Wala halikuharibika. Shaba ya manjano ina tabia njema: wakati wa mlio hutanuka ikajibana na kuta za mtutu, hata moshi usipate njia ya kurudi nyuma, kisha hunywea kidogo, ikaweza kutolewa. Lakini hainywei mpaka kipimo chake cha kwanza. Ndiyo sababu ganda lililokwisha tumika huwa nene kidogo kuliko jipya, na kabla ya kutiwa baruti tena lataka kubanwa lirudie unene wake. Kulibana huko kwahitaji nguvu nyingi kuliko nguvu za vidole, na hapo ndipo mashine ya kushindilia inapotakiwa.

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1884 fundi mmoja wa Marekani, John Barlow, alianzisha kampuni iliyoitwa Ideal, katika jimbo la Connecticut, akatengeneza chombo mfano wa koleo ambacho mwindaji aliweza kukichukua mkobani na kujazia maganda yake porini, penye moto wa kambi. Mwaka 1925 kampuni ya Lyman ilinunua kazi hiyo ikaiendeleza. Katika vita kuu ya pili vichwa vya risasi viliadimika madukani, na mwaka 1943 bwana Fred Huntington, katika mji wa Oroville, California, akaanza kutengeneza vyombo vya kufinyangia vichwa vidogo, akitumia maganda matupu ya bunduki ndogo yawe gamba la nje. Katika kazi hiyo ikatoka kampuni iitwayo RCBS, ambayo mashine zake za chuma zimekuwa na sifa kubwa. Mwaka 1958 bwana Richard Lee wa jimbo la Wisconsin alianza kutengeneza kifaa chepesi ambacho mtu hukigonga kwa nyundo ya mti tu, bila mashine yoyote. Na kampuni yake, iliyoko katika mji wa Hartford katika jimbo hilo, imejulikana sana kwa bei nafuu.

Basi mashine yenyewe ikoje? Fikirini kinu na mchi, ila mchi huu watoka chini kwenda juu. Pana fremu nzito iliyofungwa mezani kwa bolti. Ndani yake pana mchi wa chuma, na juu ya mchi pana kishikio kinachokamata kitako cha ganda. Juu kabisa pana tundu lenye nyuzi za parafujo, na humo hupachikwa kalibu, yaani bomba la chuma kigumu lililochongwa ndani kwa umbo linalotakiwa. Mtu akiushusha mkono wa mashine, mchi hupanda na kulisukuma ganda ndani ya kalibu.

Hapa ndipo wenzo ufanyapo kazi yake. Tuseme mkono washuka inchi 20 wakati mchi wapanda inchi 4 tu. Ishirini kugawanya kwa nne ni tano. Basi nguvu ya ratili 30 mkononi yawa karibu ratili 150 kwenye mchi, tukiacha ile inayopotea kwa msuguano. Tena viungo vya mashine vimepangwa hivi kwamba nguvu huzidi kadiri mchi unavyokaribia mwisho wa safari yake, mahali inapotakiwa zaidi.

Kalibu ya kwanza hulibana ganda, na msumari uliomo ndani yake huitoa fataki iliyokufa. Kisha fataki mpya hupachikwa. Kwa risasi za bastola, kalibu ya pili hupanua mdomo wa ganda kidogo ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. Halafu hutiwa baruti iliyopimwa. Mwisho kalibu nyingine hukikalisha kichwa mahali pake na kukaza mdomo, ikihitajika.

Msumari huo wa kutolea fataki una kisa chake. Mwaka 1866 watu wawili walipata hati za uvumbuzi wa aina mbili za fataki: Hiram Berdan, Mmarekani, na Edward Boxer, Mwingereza. Fataki ya Boxer hutaka ganda lenye tundu moja katikati ya kitako. Ya Berdan hutaka matundu mawili madogo pembeni. Ajabu ni kwamba Wamarekani waliishika zaidi ile ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikaishika ile ya Mmarekani. Kwa mshindiliaji jambo hili si dogo, kwa sababu msumari wa mashine hupita sawasawa katika tundu moja la katikati, bali ukikuta matundu mawili ya pembeni huvunjika. Kwa hiyo mwenye kuanza huchungulia ndani ya kila ganda kwa taa kabla ya kuliweka mashinani.

Sasa tuje kwenye swali la yule kijana. Mashine ziko za namna nyingi, lakini zote zaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni vifaa vya mkononi: kile cha kugonga kwa nyundo, na mashine ndogo isiyofungwa mezani, ambayo mtu huishika kwa mikono miwili na kuibana kama koleo kubwa. Bei yake ni ndogo, nayo yamfaa mtu asiye na nafasi ya meza ya fundi. Lakini kulibana ganda kubwa la bunduki kwa kifaa hicho ni kazi ya kuchosha mabega.

Kundi la pili ni mashine ya hatua moja. Hii hushika kalibu moja tu kwa wakati mmoja, na kila mvuto wa mkono hufanya kazi moja tu. Ukitaka kazi ya pili, wabadili kalibu. Mtu mwangalifu aweza kumaliza risasi kama 50 kwa saa moja.

Kundi la tatu ni mashine ya kichwa kinachozunguka. Kalibu zote hukaa tayari katika sahani ya juu, na sahani huzungushwa ili kila kalibu ije juu ya ganda kwa zamu yake. Yaokoa muda wa kubadili kalibu, lakini bado mtu hushughulikia ganda moja.

Kundi la nne ni mashine ya mfululizo. Maganda kadhaa hukaa katika sahani ya chini, kila moja chini ya kalibu yake, na mvuto mmoja wa mkono hufanya kazi zote kwa pamoja. Kila mkono ushukapo risasi moja iliyokamilika hudondoka. Kwa saa moja mtu huweza kupata mamia kadhaa. Bei yake ni kubwa, na sehemu zake za kurekebishwa ni nyingi.

Kaka wa yule kijana alikuwa amevutwa na hii ya nne, tena alitaka kuichukua kwa mkopo. Nikamwambia kijana: "Mwandikie aanze na ile ya hatua moja." Nisikilizeni niwaambie sababu zangu.

Sababu ya kwanza ni uhai. Bunduki maarufu ya Marekani iitwayo .30-06, ambayo risasi yake ilikubaliwa na jeshi mwaka 1906, imewekewa mpaka wa msukumo wa ratili 60,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Gurudumu la motokaa hujazwa upepo wa ratili kama 30 hivi. Yaani msukumo ule ni mara 2,000 ya ule wa gurudumu, nao watokea karibu na uso wa mpigaji. Baruti ikizidi, chuma chaweza kupasuka.

Tena kuna hatari iliyotokana na mabadiliko ya baruti. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa dhaifu, hata ganda lilijazwa karibu lote. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu zaidi, hata kipimo kidogo chatosha. Sasa tazameni risasi ya bastola iitwayo .38 Special, iliyoanza mwaka 1898. Ganda lake lilikatwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Kwa baruti ya sasa kipimo cha haki hukaa chini kabisa ya ganda, na nafasi kubwa hubaki tupu. Mtu akisahau akatia mara mbili, ganda halifuriki, wala halimwonyi, hulipokea tu. Kosa lingine ni kinyume chake, kutotia baruti kabisa. Hapo fataki peke yake hukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kikakwama. Mpigaji asipotambua, akapiga nyingine nyuma yake, mtutu hupasuka.

Mashine ya hatua moja haimzuii mtu kukosea, lakini humpa nafasi ya kuona. Kwa kuwa kazi zafanywa moja moja, mshindiliaji huyabana maganda yote kwanza, akayatia fataki yote, akayapanga yakisimama katika ubao wenye matundu 50. Kisha huyatia baruti. Halafu, kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, huchukua taa na kutazama ndani ya maganda yote 50 kwa mstari. Lenye baruti iliyozidi au lisilo na kitu hujulikana mara moja kati ya wenzake, kama mtoto asiye na daftari ajulikanavyo darasani. Katika mashine ya mfululizo mambo mengi hutendeka kwa dakika ile ile moja, na macho ya mgeni hayajui yatazame wapi. Sisemi mashine hiyo ni mbaya. Mikononi mwa mzoefu ni chombo kizuri. Nasema tu ya kwamba mtu hujifunza kupiga kasia ng'ambo ya mto mdogo kabla hajatweka tanga.

Sababu ya pili ni hesabu, na hapa wanafunzi chukueni kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, vyombo vyote vya kuanzia vyagharimu dola 200, na kila risasi iliyojazwa nyumbani yampunguzia mtu senti 25 kuliko ile ya dukani. Ili kurudisha fedha zake hana budi ajaze risasi 800. Alengaye shabaha mara 50 kila Jumamosi atazirudisha kwa Jumamosi 16. Lakini mwindaji apigaye risasi 20 tu kwa mwaka atahitaji miaka 40! Huyo asinunue kwa sababu ya kuweka akiba. Anunue tu ikiwa apenda kazi yenyewe, au ikiwa bunduki yake ni ya zamani na risasi zake hazipatikani madukani. Na kama vyombo vyagharimu dola 400, hesabu zote hizo zaongezeka mara mbili. Kwa hiyo ajuaye matumizi yake ndiye ajuaye mashine yake.

Sababu ya tatu ni kwamba mashine ya hatua moja haitupwi. Mtu akiendelea akanunua kubwa, ile ndogo hubaki mezani kwa kazi za pembeni. Tena nyuzi za kalibu za kawaida zimekubaliwa na wenye viwanda wengi: kipenyo cha sehemu 7 katika 8 za inchi, na nyuzi 14 katika kila inchi. Vishikio vya ganda navyo aghalabu hukubaliana. Basi kalibu zilizonunuliwa kwa mashine ya bei ndogo huingia katika mashine nyingi za bei kubwa. Lakini mnunuzi aulize kwanza, kwa maana ziko mashine chache zenye kalibu za peke yake.

Wazee wetu husema, rahisi huvunja upishi. Je, methali hiyo haimkatazi mtu kununua mashine ya bei nafuu? Nami nawajibu: yategemea ni kitu gani kilichorahisishwa. Mashine yenyewe ni chuma na wenzo. Fremu zake ni za maumbo mawili. Moja imeachwa wazi mbele, mfano wa herufi C. Nyingine imefunga pande zote, mfano wa herufi O. Ile ya C huruhusu mkono kuingia kwa urahisi, lakini ikibeba mzigo mkubwa hutanuka kidogo mdomoni. Ile ya O ni imara zaidi. Kadhalika, nyingine zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na nyingine kwa chuma cha kusubu. Za aluminiamu ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Za chuma cha kusubu ni nzito, huvumilia miaka mingi, na bei yake huweza kuwa mara kadhaa ya zile. Ajazaye risasi za bastola tu, ambazo maganda yake ni mafupi na yamenyooka, hana haja ya kulipia uzito asiouhitaji. Mashine ndogo ya aluminiamu yamtosha. Lakini abanaye maganda marefu ya bunduki za kuwindia na achague umbo la O, na akiweza, chuma cha kusubu.

Mwenye fedha chache asiidharau mashine iliyokwisha tumika. Chuma cha kusubu hakizeeki upesi. Aishike, auvute mkono taratibu, aangalie kama mchi wacheza ovyo huku na huku. Atazame nyuzi za tundu la juu kama zimeliwa. Achunguze fremu kama ina ufa. Kutu ya juu juu hutoka kwa mafuta na kitambaa, bali ufa hauponi.

Walakini kuna vitu viwili ambavyo katika hivyo methali ya wazee yasimama kwa haki yake yote. Cha kwanza ni mizani. Ratili moja ina greni 7,000, na mizani ya kazi hii hupima mpaka sehemu ya kumi ya greni moja, yaani sehemu moja katika 70,000 ya ratili. Mizani ikidanganya, mashine nzuri kuliko zote duniani itakamilisha risasi ya hatari kwa unadhifu mkubwa. Basi na inunuliwe mizani ya kuaminika, pamoja na mawe madogo ya kuihakiki, nayo ihakikiwe kila siku kabla ya kazi. Cha pili ni kitabu. Wenye viwanda vya baruti na vya vichwa hutoa vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa kwa vyombo vyao. Mshindiliaji hufuata kitabu neno kwa neno. Huanza na kipimo cha chini, hapiti mpaka wa juu, wala habadili aina ya baruti kwa kukisia. Kipimo alichoambiwa na rafiki kwa mdomo si kipimo.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana amwandikie kaka yake orodha hii, kwa taratibu hii: kwanza kitabu, akisome chote kabla ya kununua kitu kingine, pili mizani, tatu mashine ya hatua moja kwa kadiri ya maganda yake, nne kalibu na kishikio cha bunduki yake, tano miwani ya kukinga macho na ubao wa matundu. Kalibu za bastola zilizotiwa pete ya kabaidi, madini magumu sana, hazitaki mafuta. Lakini ganda lenye shingo la bunduki kubwa lisipopakwa mafuta yake hukwama ndani ya kalibu, na kulitoa ni taabu.

Na desturi za mezani ni hizi. Aina moja tu ya baruti ikae mezani, katika chombo chake cha asili chenye jina lake. Pasiwe na sigara, mshumaa wala cheche. Pasiwe na chakula, maana risasi ni sumu, na mikono ioshwe kwa sabuni kazi ikiisha. Pasiwe na maongezi. Mgeni akibisha hodi, mtu asimamishe kazi, na akirudi atazame upya kila ganda tangu la kwanza. Na atakayechoka akalale.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa watoto na wazazi wa hapa kwetu. Mkiokota risasi shambani, njiani au katika nyumba ya zamani, msiipige kwa jiwe, msiitie motoni, msiikate, wala msiibebe kwenda kuionyesha shuleni. Risasi iliyolala miaka mingi katika udongo yaweza bado kuwa hai. Iacheni hapo hapo, wekeni alama, mkamwite mtu mzima, naye apeleke habari polisi.

Miezi ilipita, yule kijana akaja nyumbani kwangu na barua. Kaka yake ameacha habari za mkopo. Amenunua mashine ndogo ya hatua moja iliyotumiwa na mtu mwingine, akaipiga mafuta, akaifunga mezani. Fedha iliyobaki akanunua mizani na kitabu. Aliandika ya kwamba jioni yake ya kwanza alijaza risasi kumi tu, tena mbili alizibomoa kwa sababu hakuwa na hakika nazo. Kijana aliniuliza kama hiyo si kazi bure. Nikamjibu: "La, mwanangu. Hizo mbili alizozibomoa ndizo zilizonionyesha kwamba kaka yako amejifunza."